Kabeya, Habakusadiki Busu Yangu

Kabeya,

Ni mi, Mwepu. Usijifanye haujui mwandiko. Mwandiko mubaya hivi mu Musonoi muzima iko ya mutu moja tu, na mutu ule njo mi. Naandika juu ya karatasi ya mufuko wa simenti, goti langu njo meza. Makosa utakayokuta humu usinihesabie. Niliachia masomo mwaka wa pili wa sekondari, wakati balimu balikuwa habalipwi na bakafunga milango. Kwa hiyo makosa ni ya serikali.

Nianze na habari ya kukuchekesha. Bakasai bote ba Musonoi, batu ba asili ya Kasai sawa weye, balifukuzwa. Umebaki weye peke yako. Bajenesi, wale bijana ba chama wenye fimbo, balipita nyumba kwa nyumba, lakini ku makaburi habakufika. Uko pale umelala mu udongo mwekundu, hakuna mutu wa kukuuliza babu yako alitoka wapi. Na ulikuwa unasema huna bahati!

Haujacheka. Najua. Hata mi sikucheka wakati nilipoiandika.

Unakumbuka mama yenu alipanda treni ya kwanza na batoto badogo kwenda Mwene-Ditu, kule Kasai, na weye ulikuwa mugonjwa mu lupitalo na kile kifua chako. Ngalula alikataa kupanda. Alisema, “Nitamuacha na nani, na huyu Mwepu?” Mi nilikuwa nimesimama pale pale. Dada yako hana haya. Munganga alikuwa mutu muzuri, lakini alikuja na mikono mitupu, bila dawa, asubuhi mitupu, jioni mitupu, na siku ya tisa ukatuacha. Mi njo nilishika sanduku lako upande wa kichwa. Ulikuwa mwepesi, Kabeya. Nilikasirika sana juu ya ile. Mutu mwenye alikuwa anamaliza sufuria ya bukari, ugali wa nyumba nzima, anakuwa mwepesi vile?

Sasa niko mu lagare, stesheni ya treni ya Kolwezi. Niko hapa na dada yako, hii njo juma la tano. Hatulale mu nyumba, tunalala chini ya shiti moja ya plastiki iliyofungwa ku ukuta wa depo, sisi na batu elfu sijui ngapi, na bifurushi, na mashini za kushona, na mbuzi moja mwenye hakuna anayejua ni wa nani. Kila asubuhi banasema treni imefika Lubudi, inakuja. Kila asubuhi! Ile treni inapenda Lubudi kuliko bazaliwa ba Lubudi. Nyuma yetu kuko bajenesi. Mbele yetu kuko reli tupu yenye majani katikati. Mutu akitaka kwenda kuchota maji anaomba njia sawa mufungwa. Mvua ikinyesha unasimama, sababu hakuna pa kukaa. Batoto banakufa na surua. Juzi nilichimba mbili, fupi fupi hivi. Sitaki kuandika juu ya ile.

Nataka nikueleze namna tulifika hapa, sababu kosa ni langu. Na nusu ya kosa ni yako, usikatae.

Nani alinifundisha sinema? Ni weye. Saloni ya mama yenu, ile sebule, tele ya baba yenu marehemu, mashini ya vidio uliyoitengeneza kwa waya ya mugodi, na batu bamejaa mpaka ku dirisha. Kaseti zilikuwa zinasema kizungu cha mbali, hakuna anayesikia hata neno moja, na weye unasimama pembeni ya tele na fimbo unaeleza kwa Kiswahili: “Huyu anasema, nitakuua. Huyu anajibu, kwanza nilipe mbuzi yangu.” Haukujua kizungu ile! Ulikuwa unaitunga yote! Na batu balilia machozi ya kweli juu ya mbuzi isiyokuwako.

Na ile rido, lile pazia. Mama yenu alisema, saloni ni yake, na mu saloni yake hakuna kulala-lalana, hata mu tele. Kwa hiyo akatoa kitenge chake cha njano, mukakifunga ku kamba mbele ya tele. Banaume na banawake bakianza kuangaliana kwa macho ya usingizi, unavuta kamba, kitenge kinafunika, na weye unaendelea kueleza bila kucheka: “Sasa banazungumza habari ya shamba. Bwana anauliza kama mahindi imekauka.” Na nyuma ya kitenge muziki unapanda, unapanda, na batu banapiga makelele: “Fungua! Fungua rido!” Na mama yenu mu jiko anajibu kwa mwiko ku mulango.

Nikuambie kitu. Mi nilikuwa nakaa pembeni ya tele, ku ukuta, na cité yote, mutaa muzima, ilijua kama Mwepu kule anaona byote. Nilibaeleza byote. Bijana banakuja ku kisima asubuhi, nawaeleza mukono ulipita wapi, mguu ulipita wapi. Moja wao, Kapenda, alinisikiliza mudomo wazi sawa mutu anasikiliza injili. Uongo mutupu, ndugu. Ukikaa pembeni ya tele vile, hauone batu. Unaona rangi tu, ya pinki na ya kahawia, inatembea. Miaka mitatu niliangalia rangi. Sikukuambia sababu ungenieleza na mi pale mbele ya batu, na fimbo yako.

Na lile swali letu. Mi nilisema: damu ni tomati, sawa. Mutu anaanguka ku jengo, kuna godoro chini, sawa. Lakini mudomo ukigusa mudomo, umegusa. Hakuna mudomo ya tomati. Kwa hiyo busu ni kitu kimoja tu mu filamu yote chenye iko kweli. Nilikuwa najisikia profesere. Weye ulinyamaza siku nzima, ukaja kunijibu nikiwa mu choo, kupitia mulango: “Mwepu, midomo yao inagusana, lakini ule mwanamuke anawaza taa. Anajua taa iko wapi. Angalia namna anageuza shavu.” Kisha ukaenda. Mutu gani anakuja kusema maneno ya akili ku mulango wa choo?

Kuanzia pale nikawa naangalia mashavu. Ulinipotezea raha ya filamu zote.

Na mara ile nilienda ku vidio ingine, ile ya mu mji, nyuma ya soko, yenye haina rido hata kidogo, yenye banaonyesha batu banafanya kweli kabisa, hakuna kujifanya. Nilirudi natembea sawa chef wa kijiji. Nikakuambia: “Kabeya, nimeona. Bale habaigize.” Ukaendelea kufungua mashini kwa bisibisi. Uliniuliza neno moja: “Ulisadiki?”

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilikumbuka yule mwanamuke, namna alikuwa anaangalia juu, pembeni, mbali, sawa mutu anangoja zamu yake ku depo ya unga. Kila kitu kilikuwa kweli na sikusadiki kitu. Na filamu ya mbele yake, ile tuliiangalia kwenu, yule muzee wa polisi mwenye anavaa soksi mu kitanda na bibi yake anamusukumia sahani ya chakula bila kumuangalia: pale hata kugusana habakugusana, na Mama yenu hakuona sababu ya rido, na mi nilisadiki mpaka nikaona haya, sawa nimechungulia mu nyumba ya batu.

Ulisema, “Njo ile.” Basi. “Njo ile.” Haukueleza. Mutu mwenye kueleza filamu yote, na hapa unanyamaza.

Kama ungeeleza, Kabeya, pengine tungekuwa bado Musonoi.

Sikiliza sasa. Kisha kukuzika, Ngalula alibaki peke yake mu nyumba. Jirani alikuja kutuambia: mwanamuke Mukasai mwenye bwana wa hapa, bajenesi banamuacha. Mi mama yangu ni wa Lubudi, Katanga hii hii, baba yangu wa hapa, jina langu hakuna anayeliuliza. Nikawaza. Unajua mi nikianza kuwaza. Nikamuambia dada yako: “Nitaleta godoro langu hapa, nitasema weye ni bibi yangu.” Alikuwa anapepeta unga wa mihogo. Aliniangalia kutoka ku miguu mpaka ku kichwa, polepole, akasema, “Banasadiki nini? Hata kuku zetu hazikusadiki.” Nikamuambia aniache, mi ni mutu wa sinema, nimeona namna inafanywa.

Namna inafanywa! Mi mwenye niliona rangi ya pinki.

Balikuja asubuhi, ishirini hivi, na Kapenda mbele. Kapenda wa kwetu, mwenye alikuwa anakaa chini mbele ya tele na kupiga makelele kuliko bote. Alinisalimia vizuri hata. Akauliza, “Mwepu, huyu Mukasai njo bibi yako tangu lini?” Nikajibu, tangu kipwa, ule musimu wa kiangazi. Kule nyuma moja akasema, “Ah, kama ni bibi ya Mwepu, tuache.” Balikuwa banageuka, Kabeya. Nakuapia. Miguu yao ilikuwa imegeuka tayari. Kama ningemeza mate na kunyamaza, kama ningeingia mu nyumba kutafuta kandambili, ingekuwa imeisha.

Lakini mi nilitaka kuhakikisha. Nilimushika dada yako ku kiuno mbele ya batu bote. Nikageuza uso wake kwa vidole viwili, hivi, upande wa jua, ili baone vizuri. Nikamubusu. Na nilihesabu mu kichwa mpaka tano, sababu mu filamu hazipunguki tano.

Nikamuachilia. Nikawaza, nimeshinda.

Kulikuwa na baba moja mu ile kundi, muzima, mwenye mvi. Yeye njo alisema, na hakusema kwa kasirani, alisema sawa mutu anayesahihisha mutoto: “Huyu hajaoa. Nani anamufanya bibi yake vile mbele ya batu? Bibi ya mutu!” Na Kapenda akapasuka kucheka: “Aliitoa mu tele! Rido! Rido!” Na bote bakapiga makelele, sawa mu saloni yenu, rido, rido, bakishika mbavu. Huku bakicheka bakaingia mu nyumba. Huku bakicheka bakatoa godoro, tele, mashini ya vidio, mulango na fremu yake. Hata mi nilianza kucheka kidogo, mudomo ulianza wenyewe, na nikausimamisha na mukono.

Ngalula hakunipiga. Ningependa anipige. Alikamata ncha ya kitenge chake akapanguza mudomo, polepole, upande moja, kisha upande wa pili, akaingia kukunja nguo. Balitupa muda mpaka jua lifike katikati.

Kapenda aliniambia, “Weye baki, mama yako ni wa huku.” Na mi nilibeba valizi ya nguo ya dada yako nikaifuata njia ya lagare. Bilulu, kusema badudu, njo balikuwa banatuita njiani, na mi pia, mi mwenye mama wa Lubudi, nikawa kilulu siku moja. Ku nyumba ya mama yangu sitarudi, Kapenda anapita pale kila siku kuuliza mukwe wa Bakasai ameenda wapi.

Na huku usiwaze balinipokea na ngoma. Juma la kwanza Bakasai balisema mi ni mupelelezi. Nikikaribia moto, batu banaacha kuzungumza, banaanza kusifu mvua. Ngalula alikuwa ananipa chakula kwa sahani ya mbali, anaisukuma kwa mguu. Maneno yake kwangu yalikuwa matatu: kula, toka, na nyamaza. Nilistahili, lakini nyamaza alizidisha.

Wakati mwingine, Kabeya, nakaa ku reli naangalia hawa batu bote na nawaza lile swali uliniuliza siku moto wa umeme ulikatika katikati ya filamu. Ulisema: “Mwepu, bale ba ndani ya kaseti, banajua kama moto umekatika?” Nilikutukana, nikasema unavuta nini. Sasa niko ndani. Juma la tano picha imesimama, mimi nimeinua mguu moja na siwezi kuuweka chini. Nawaza pengine kuko saloni mahali, kuko batu banatuangalia, na mutu moja ameshika fimbo anabaeleza habari yetu kwa luga yao, na hajui hata neno moja la kwetu. Anasema labda tunazungumza habari ya mahindi. Kama iko vile, mwambie afungue dirisha, kunanuka huku. Lakini nikimuona mutoto wa jirani anakohoa, nasema hapana. Hakuna mutu anaweza kutunga kikohozi kile.

Basi, juma lililopita kukaja habari ya liste ya majina. Vagoni za treni zitapangwa kwa jamaa. Mwenye kuandika alikuwa Tata Mukendi, yule karani wa zamani wa ofisi ya mugodi, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Jina lako likikosa mu liste, haupande. Na mutu wa Katanga peke yake hapande hata akilia. Siku mbili nilimufuata ule karani kwa macho. Sababu nilijua sasa kitu nilikuwa sikijui: kama treni ile itaenda na Ngalula na mi nibaki ku reli, mi nimeisha. Umesikia, nimeandika. Haikuwa juu yako tena nilibeba valizi. Nilisema ni juu yako, nilijisifu kwa batu bote kama Mwepu anatimiza neno la marehemu. Marehemu hakuniambia neno. Marehemu aliomba maji tu.

Tata Mukendi akafika ku shiti yetu. Akaniangalia juu ya miwani. “Huyu namujua,” akasema. “Huyu haiko wetu. Huyu ni kijana wa Musonoi, mwenye makelele.” Batu bakageuka. Ngalula alikuwa ameinama ku moto, anasonga bukari, mugongo kwetu.

Na mi, Kabeya, nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyatayarisha siku mbili, maneno mazuri, na machozi nimeyaweka karibu. Nilifungua mudomo. Nikakumbuka yule baba wa mvi. Nikafunga. Ni mara ya kwanza tangu nizaliwe, na haukuwako kuona.

Ngalula hakugeuka hata. Alisema, na mwiko unapiga sufuria: “Mwepu! Utasimama pale sawa nguzo mpaka lini? Bidoo bya maji biko bitupu tangu asubuhi. Na ile shati uliyounguza, usifikiri nitaishona mi. Shona weye. Mutu mukubwa anakaa karibu ya moto sawa paka!”

Tata Mukendi akacheka, akanionea huruma kwa macho, mwanaume kwa mwanaume. “Pole, ndugu,” akaniambia. Na akaandika. Nilimuona akiandika. Ngalula na bwana yake. Hakuuliza kitu kingine, akapita ku shiti ya jirani. Mama mumoja mwenye alikuwa ananiita mupelelezi alisogea, akanipa nafasi ya kupita na bidoo.

Nilienda kuchota maji. Niliporudi nikamuambia dada yako kwa sauti ya chini, “Ngalula, umeigiza kuliko bazungu.” Akanyanyua uso. Macho yalikuwa mekundu na moshi.

“Nani ameigiza?” akasema. “Nilitaka maji.”

Na akachota, akamimina, akasonga tena. Nimekaa na ile neno siku nane. Nimeigeuza mbele, nimeigeuza nyuma. Sijui ameniambia nini. Nikimuuliza ataniambia nyamaza. Sahani yangu lakini haisukumi tena kwa mguu. Anaiweka, anaangalia upande mwingine, anaweka.

Naandika nikifika mwisho wa karatasi. Leo banasema treni imetoka Lubudi. Kwa kweli mara hii, banasema, balisikia ku simu ya chef de gare, mukubwa wa lagare. Batu banafunga bifurushi. Mi sijui kama nasadiki. Lakini Ngalula amekunja shiti, na yeye si mutu wa kukunja shiti bure. Asubuhi aliomba moja wa balinzi amuache afike ku makaburi akuone. Alimukatalia. Kwa hiyo sote wawili tunakuaga kwa karatasi hii, na nitaizika hapa ku mwisho wa reli, kichwa kikielekea Musonoi. Lala, ndugu. Mvua ikishuka sana ku kaburi lako, usituite, hatutasikia. Udongo ule ni wako sasa kuliko Kapenda.

Na neno langu kwako, neno moja tu, niache kujisifu kidogo. Tukifika Mwene-Ditu, mama yenu atatoka ku mulango. Atanijua, mi mwizi wa zamani wa sombe yake, ile mboga ya majani ya mihogo. Ataniangalia mi na mutoto wake tumetoka mbali sote wawili, na atauliza, “Na huyu, amekuja huku kama nani?” Pale sitamushika mutu ku kiuno. Sitasema liste imeandika nini. Nitanyamaza, Kabeya, mi Mwepu. Atajibu Ngalula. Akisema mi ni mubeba mizigo, basi nitaweka valizi chini na kuomba maji ya kunywa. Akisema ingine, nitasikia kwa masikio yangu, kwa mara ya kwanza, pale pale mbele ya mama yake. Mpaka aseme, nitasimama.

Mwepu